Wateja wanasoma "Mwamko", mimi niliandika "Mwinuko": fonti ya brashi ina kosa gani?

"Habari za kazi, kaka. Natengeneza jamu ya plamu na ya pichi hapa Lushoto, biashara inaitwa Mwinuko. Mdogo wangu alinipakulia fonti ya bure ya mwandiko wa brashi, ile yenye herufi zinazoungana kama mtu kaandika kwa mkono. Niliipenda kwa sababu inaonekana ya nyumbani, haina ukali. Nimeshachapa lebo 400. Sasa wateja watatu wameniandikia wakiniita 'Mwamko', na mmoja alitafuta jina hilo kwenye simu akanikosa kabisa. Kijana wa stesheneri anasema niandike yote kwa herufi kubwa, litasomeka. Shemeji yangu anasema fonti za mwandiko ni za saluni na kadi za harusi, chakula kinataka fonti ya maana. Nataka pia kibao cha barabarani na fulana za wasaidizi wangu wawili. Je, niiache hii fonti? Kama ni ya bure, kuna ubaya kuitumia? Na hizi lebo nizitupe?"

Dada yangu, hongera kwa jamu, na hongera zaidi kwa kuwasikiliza wateja. Wengi wakiambiwa jina lao halisomeki hukasirika. Wewe umeuliza. Nimesoma barua yako zaidi ya mara moja, na kila nikifika kwenye lile neno "Mwamko" nasimama, kwa sababu sehemu kubwa ya jibu imo humo humo.

Naona wasiwasi wako mkubwa ni kwamba huenda ulikosea kupenda mwandiko wa brashi. Hukukosea. Jamu inayopikwa kwenye sufuria, na mtu ambaye mteja anaweza kumpigia simu, ni kitu ambacho mwandiko wa aina hiyo unakifaa sana. Tatizo ni kwamba fonti hiyo na jina hilo havipatani. Fonti hiyo hiyo ingeandika "Kilele" bila shida yoyote. Ikifika kwenye "Mwinuko" inazama.

Chukua penseli tuone kwa nini. Andika herufi w, i, n, u kwa kuziunganisha, bila kuinua mkono, na nukta ya i usiiweke. Sasa hesabu vijiti vilivyosimama. Utapata saba au vinane, vyote vya urefu mmoja, vimepangana kama nguzo za uzio. Ni nani atakayekuambia kijiti cha nne ni i, au ni mguu wa kwanza wa n? Jicho halijui, kwa hiyo kichwa kinakisia, na kinapokisia huchukua neno ambalo tayari kinalijua. "Mwamko" ni neno ambalo watu hulisikia kila siku redioni. Linaanza kwa Mw, linaishia kwa ko, na katikati kuna vijiti. Wateja wako wamesoma vizuri tu kile walichopewa.

Tabu hii ni ya zamani kuliko mashine ya kuchapa. Waandishi wa miswada ya Kilatini huko Ulaya walihangaika nayo karne nyingi zilizopita, na nukta ya i, ambayo leo tunaiweka bila kufikiri, ilianzia hapo. Ilimwonyesha msomaji kwamba kijiti hiki ni herufi inayojitegemea, si mguu wa jirani yake. Sasa itazame lebo yako. Fonti nyingi za brashi huifanya nukta ya i kuwa kimstari chembamba kilichorushwa kulia, kwa sababu ndivyo mkono unaokwenda mbio unavyofanya. Kwenye jina lako kimstari hicho kinaangukia juu ya n. Alama pekee iliyokuwa iwaokoe wateja imehamia kwa jirani.

Kiswahili kinakutana na shida hii mara nyingi. Lugha yetu imejaa m, n, u, w na i: umuhimu, muungano, mmiliki, mwenyewe, wanunuzi. Wanaotengeneza fonti za brashi huzionyesha kwa maneno ya lugha zao, yenye b, d, f, l, t na h, herufi zinazopanda juu au kushuka chini na kulipa jicho mahali pa kushika. Jina lako, ukiacha ile M ya mwanzo, lina herufi moja tu inayopanda, nayo ni k. Ndiyo maana nawaambia kila anayeniuliza: usichague fonti kwa sampuli yake, chagua kwa neno lako. Andika jina lako lote, kwa ukubwa litakaotumika, kisha ndiyo useme unaipenda au huipendi.

Lakini mbona mtu akiandika "Mwinuko" kwa brashi ya kweli linasomeka? Mimi herufi nilifundishwa na mjomba wangu, aliyekuwa akichora vibao vya maduka Tanga. Alikuwa na brashi ya nywele ndefu laini, anaichovya kwenye rangi ya mafuta, anaipangusa mara mbili kwenye kipande cha kioo ili nywele zilale pamoja. Mkono wa kulia aliupumzisha juu ya kifimbo kilichofungwa kitambaa nchani. Akishuka anabonyeza, nywele zinatanuka, mstari unanenepa. Akipanda analegeza, nywele zinakutana, mstari unakuwa mwembamba. Rangi ikikaribia kuisha unaona nyayo za nywele mwishoni mwa mstari, ule mkwaruzo ambao leo fonti za kompyuta zinauiga. Nilichochelewa kukitambua ni hiki: akifika kwenye n na u zilizofuatana, bega la n alilipandisha kidogo na tumbo la u akalipanua, na kati yao aliacha pumzi. Hakuwahi kuandika n mbili zilizofanana. Alijua herufi ipi inakuja.

Fonti, mpaka iwe imefundishwa, haijui. Kila herufi ndani ya fonti imechorwa ndani ya kisanduku chake, peke yake. Ili ziungane, mchoraji lazima aamue kwamba mkia wa kila herufi utatoka kulia kwa kimo kimoja na utaingia kushoto kwa herufi ifuatayo kwa kimo hicho hicho. Kwa hiyo a inaungana na n vile vile inavyoungana na z, na u inatoka vile vile iwe inaelekea k au m. Hapo ndipo uhai wa mkono unapopotea na nguzo za uzio zinapoanza kujipanga.

Enzi za herufi za kuchapia zilizotengenezwa kwa madini ya risasi kazi ilikuwa ngumu zaidi, maana kila herufi ilikuwa kipande cha madini na ilibidi iguse jirani yake bila kuacha hata ufa mdogo kwenye karatasi. Robert E. Smith aliifanya kazi hiyo kwa ajili ya kampuni ya American Type Founders ya Marekani, na mwaka 1942 ikatoka Brush Script, fonti ambayo bado imo kwenye kompyuta nyingi na ambayo bila shaka umeiona kwenye kadi za mwaliko. Kampuni hiyo hiyo ikatoa Dom Casual ya Peter Dombrezian mwaka 1951. Hii ni ya brashi pia, ila herufi zake hazishikani, kila moja imesimama peke yake na inayumba kidogo kama herufi za kadi za bei. Nayo Ufaransa, Roger Excoffon alichukua mwandiko wake mwenyewe akautengenezea fonti iliyotolewa mwaka 1953 na Fonderie Olive ya Marseille, akaipa jina la upepo mkali wa kusini mwa nchi hiyo, Mistral. Hiyo kwangu ni kazi ya ajabu hadi leo: miungano yake imefichwa kwa ustadi kiasi kwamba unahitaji kutazama mara mbili uamini kuwa ni vipande vya madini.

Nimekutajia hizo si kwa ajili ya historia tu. Tofauti ya Dom Casual na nyingine mbili ndiyo tofauti muhimu kwako. Kuna brashi zinazoungana na kuna brashi zisizoungana, na zote mbili zinaleta ule upole unaoutaka. Jina lenye vijiti vingi hupumua vizuri zaidi kwenye zisizoungana.

Kuhusu shemeji yako: ana hoja, ila ameiishia nusu. Mwandiko wa brashi ulishika macho ya watu kupitia matangazo ya maduka, hasa Marekani, ambako watu walilipwa kukaa dukani na kuandika kwa brashi kadi za bei na za punguzo. Ulikuwa ukimwambia mpita njia kwamba mtu fulani, asubuhi ya leo, ameshika brashi na kuandika habari hii. Kwa hiyo chakula si mahali pa ugeni kwa mwandiko huu hata kidogo. Alichokiona shemeji, nadhani, ni uchovu. Kwa kuwa fonti chache za aina hii huja bure na kompyuta au hupakuliwa na kila mtu, zimeandika saluni, harusi, mgahawa na bendi, na sasa hazimtambulishi yeyote. Pacifico, iliyochorwa na Vernon Adams na kutolewa bure mwaka 2011 kwa kumbukumbu ya mawimbi na ufukwe wa Marekani ya miaka ya 1950, ni nzuri kweli, na kwa sababu hiyo hiyo utaikuta kila mtaa. Anayeitumia aikubali hasara hiyo mapema.

Ushauri wa kijana wa stesheneri, huo naomba usiufuate. Namwelewa. Herufi kubwa zina heshima kubwa kwetu, na mfano wake bora ni kanga. Jina la kanga huchapwa kwa herufi kubwa, zilizonyooka, zilizotengana, na mtu alisome akiwa upande wa pili wa ua. Linasomeka kwa sababu herufi zake zimechorwa zikae hivyo, kila moja imejitosheleza. Herufi kubwa za fonti ya brashi hazikuchorwa kwa kazi hiyo. Kila moja imechorwa iwe kiongozi wa neno, ina mkia wake na mkunjo wake, ikitegemea kwamba nyuma yake zitafuata ndogo zenye utulivu. Ukiziweka saba mfululizo, zote zinataka kuongoza. Ijaribu kwenye kompyuta na utaona mwenyewe: itakuwa ngumu kuliko ilivyo sasa. Kama moyo wako unataka herufi kubwa, hilo ni jambo jema, ila basi badilisha na fonti.

Kosa jingine linalofanana na hilo ni kuachanisha herufi ili "zipumue". Kwenye fonti inayoungana, ukiongeza nafasi hata kidogo mikia inakatika, na jina linabaki kama mnyororo uliokatwa. Acha nafasi kama fonti ilivyokupa.

Basi una njia gani? Naziona tatu, na nitakuambia ninayoipendelea.

Unaweza kubaki na fonti yako na kuirekebisha. Mtu anayejua kazi atalichukua jina, atalibadilisha kutoka maandishi kuwa michoro, kisha ataipandisha nukta ya i iwe nene na iwe juu ya kijiti chake, atalipa bega la n urefu kidogo, atafungua nafasi kati ya n na u. Wakati mwingine fonti yenyewe inayo herufi za akiba. Tangu teknolojia ya OpenType ilipotangazwa na Microsoft na Adobe mwaka 1996, fonti moja inaweza kubeba a mbili au tatu tofauti, na maelekezo ya lini itumike ipi. Fonti za brashi zilizofanyiwa kazi vizuri hubadilisha herufi zenyewe pale zinapojirudia. Jambo hili si muhimu sana kwa jina lako, ila ni muhimu mno kwa wasomaji wengine wenye "Maandazi", "Saa" au "Juu" kwenye vibao vyao, maana hakuna kinachofichua mashine kama a mbili zilizolingana unywele kwa unywele, zikiwa zimekaa bega kwa bega ndani ya neno linalodai kuandikwa kwa mkono. Angalia tu kwamba Word haiwashi mabadiliko hayo yenyewe, inabidi uyatafute kwenye mipangilio ya ndani ya fonti, na programu nyingi za simu hazikupi kabisa.

Njia ya pili ni kuhamia kwenye brashi isiyoungana. Ni rahisi, haina gharama kubwa, na kesho asubuhi unaweza kuwa umemaliza. Caveat Brush ni mfano mzuri wa bure: ni nene, imechangamka, herufi zake nyingi zimesimama mbalimbali. Utapoteza ule mtiririko uliokuvutia, lakini jina litasomeka.

Ya tatu, ambayo ndiyo ningeichukua ningekuwa wewe, ni kuandikiwa jina kwa mkono wa mtu. Jina lako lina herufi saba. Hakuna sababu ya kutafuta fonti yenye mamia ya herufi ili upate saba. Mtafute mchora vibao mwenye mkono mzuri, au msanifu anayeandika kwa brashi, akuandikie "Mwinuko" mara thelathini au arobaini kwenye karatasi za A4. Chagueni moja. Ipigwe skana kwa ubora wa dpi 600 (nukta 600 kwa kila inchi), kisha ichorwe upya kuwa vekta, yaani mchoro wa mistari ya kompyuta, ili ikuzwe hadi ukubwa wa kibao bila kuchakaa. Yeye atafanya alichokuwa akifanya mjomba: atajua baada ya n inakuja u. Na hakuna saluni itakayokuwa nalo. Hata mkono wako mwenyewe unaweza kufaa, ujaribu kabla ya kumlipa mtu.

Njia hiyo ina kasoro zake. Kesho ukitaka kuongeza "Asali" au "Achari" kwa mwandiko ule ule, itabidi umrudie aliyeandika. Mkono mbaya huzaa jina baya, na brashi haifichi mkono uliotetemeka. Tena mkubaliane kwa maandishi, mapema, kwamba ukishamlipa mchoro huo na haki zake zote ni vyako. Nimeona urafiki ukivunjika kwa kukosa karatasi moja.

Nije kwenye neno "bure". Fonti kupakulika bila malipo hakumaanishi una ruhusa ya kuiuzia bidhaa. Nyingi zilizoko kwenye tovuti za kupakua ni za majaribio: mwenyewe ameruhusu matumizi binafsi tu, kadi ya kumbukumbu ya mtoto kwa mfano, na biashara inatakiwa kununua leseni. Fungua lile folda alilolipakua mdogo wako, kuna faili dogo la maandishi ndani yake ambalo watu hulipita. Lisome. Likitaja matumizi binafsi tu, andikia mwenye fonti ununue leseni, au achana nayo kabla jamu haijaingia kwenye maduka makubwa ambako kila mtu ataiona. Ukikuta imetajwa leseni ya SIL Open Font License, tulia: hiyo inakuruhusu kuchapa, kuuza bidhaa, hata kuirekebisha, ilimradi huiuzi fonti yenyewe peke yake. Pacifico, Kaushan Script na Caveat Brush, zote ziko kwenye tovuti ya Google Fonts kwa leseni hiyo.

Fonti za majaribio zina ubaya mwingine ambao huonekana siku ya kuchapa. Zimepunguzwa. Mara hazina tarakimu, mara hazina ritifaa, na Kiswahili bila ritifaa hakiandiki "ng'ombe" wala "ng'ara". Hata pale ilipo, kwenye fonti inayoungana ritifaa hukata mnyororo na kuacha pengo katikati ya neno, kwa hiyo mwenye jina la namna hiyo alijaribu kwanza. Wenzetu Kenya wanaoandika Gĩkũyũ wanakutana na hilo kwa ĩ na ũ: fonti isiyo nazo huazima herufi ya fonti nyingine kimyakimya, na jina linatoka na kiraka.

Sasa lebo, kibao na fulana. Kanuni yangu ni moja: brashi iandike jina, basi. Kila kitu kingine kiwe kwa fonti nyofu isiyo na mapambo. Viambato, uzito, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, namba ya toleo, anwani. Mgonjwa wa kisukari anayesoma kiwango cha sukari asilazimike kukisia. Na nakusihi, namba ya simu na lipa namba zisiguswe kabisa na brashi. Kwenye miandiko mingi ya aina hii 1 na 7 ni ndugu, 5 na 6 ni majirani. Mteja akisoma jina vibaya atakuita Mwamko. Akisoma lipa namba vibaya, hela yake inaweza kwenda kwa mtu mwingine.

Kibao cha barabarani kina hesabu yake. Kanuni ya zamani ya wachora vibao inasema, kwa herufi nyofu, kila mita 3 za umbali zinataka herufi ya kimo cha sentimita 2.5 hivi ili isomeke bila taabu. Mtu akiwa mita 30, unahitaji sentimita 25. Kwa brashi inayoungana mimi huongeza nusu, na kimo nakipima kwenye n ndogo, siyo kwenye M kubwa, kwa sababu n ndiyo inayopotea. Gari linalokwenda kilomita 40 kwa saa humaliza mita 30 kwa chini ya sekunde tatu, na barabara yenu ya kupanda Lushoto ina kona, dereva hana sekunde za kukupa. Jina liwe kubwa, na chini yake neno JAMU kwa herufi kubwa nyofu. Neno hilo ndilo litakalomsimamisha mtu.

Ukitaka kibao cha stika, mwambie fundi aziunganishe herufi ziwe umbo moja kabla ya kupeleka kwenye mashine ya kukata. Hili nimelilipia mwenyewe. Miaka yangu ya mwanzo nilimtengenezea mteja jina la mlango wa gari kwa brashi inayoungana, sikuziunganisha. Kwenye skrini lilionekana mstari mmoja safi. Mashine ikakata kila herufi kwa kuizunguka, na pale mkia ulipopanda juu ya herufi inayofuata pakabaki kijipande chenye umbo la mbegu ya ufuta. Tulipobandua karatasi, mbegu zile ziling'oka moja moja na kila kiungo kikawa na tundu. Niligundua jua likiwa limeshauangukia mlango na mwenye gari amesimama pembeni yangu. Nilikata upya kwa gharama yangu.

Fulana, kama ni za kudarizi, zinataka mistari isiyopungua unene wa milimita 1, na herufi ndogo zisishuke chini ya milimita 5. Chini ya hapo uzi hauwezi kuufuata mkia mwembamba wa brashi na utapata vifundo. Kama unataka jina dogo kifuani na mikia yake yote, chapa ya skrini itakutendea haki zaidi kuliko uzi.

Kabla ya kuchapa chochote tena, fanya jaribio hili. Chapa jina jipya kwenye karatasi ya kawaida kwa ukubwa halisi, lizungushe kwenye chupa, maana lebo iliyopinda hula herufi za pembeni. Iweke mezani, wasimamishe watu watano wasiolijua jina hilo umbali wa mita mbili, mmoja mmoja. Waonyeshe kwa sekunde mbili, ifunike, kisha waambie waandike walichosoma. Waandike, wasitamke, kwa sababu mtu akitamka atakutazama usoni na kujirekebisha. Mmoja awe mzee asiyevaa miwani. Wakikosea wawili, rudi mezani.

Kuna mambo ambayo mimi siwezi kukumalizia kwa maandishi, yanataka ukutane na watu. Maudhui ya lebo ya chakula yako chini ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, ambalo tangu 2019 ndiyo inayosimamia usalama wa chakula Tanzania Bara. Nenda na lebo yako ya karatasi kabla hujachapa nyingi, au pitia SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, mkoani Tanga wakuelekeze, wamezoea wajasiriamali wa usindikaji kama wewe. Kusajili jina na nembo kama alama ya biashara ni BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, na hapo uulize mapema kama kuna aliyekutangulia na "Mwinuko" kwenye bidhaa za chakula. Ni afadhali ujue hilo kabla ya kumlipa mwandishi wa brashi kuliko baada.

Lebo zako 400 usizitupe, ila kwanza hakikisha leseni ya fonti inaruhusu. Kama inaruhusu, chapa vistika vidogo vya muhuri, vile vinavyoanzia juu ya kifuniko na kushuka shingoni mwa chupa, viandikwe MWINUKO kwa herufi kubwa nyofu na chini yake LUSHOTO. Ni gharama ndogo, vinamwonyesha mteja kwamba chupa haijafunguliwa, na vinamsomea jina kabla hajafika kwenye brashi. Ukimaliza chupa 400 utakuwa umeshapata mwandiko wako mpya. Na wale wateja watatu waliokuita Mwamko, wapelekee ule mwandiko mpya wa kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote, uone watausoma vipi.